Adeniamu kwenye unyevu wa Dar es Salaam: mwaka wa kwanza, maji na utomvu wenye sumu

Adeniamu, mmea wa maua wenye shina lililovimba chini kama tumbo, ikinunuliwa Januari ikiwa imejaa maua, mara nyingi huonekana nzima mpaka Aprili. Masika yakikolea, majani ya chini hugeuka manjano, maua hupukutika, na siku moja ukibonyeza tumbo la shina kidole kinazama. Hapo ndipo watu huanza kutafuta dawa. Lakini tatizo lilikuja na mmea kutoka kwa muuzaji: udongo mweusi, laini, unaoshika maji. Muuzaji wa kandokando ya barabara anautumia kwa sababu ya maana kwake, maana miche yake inakaa juani mchana kutwa na hana muda wa kuinywesha kila saa. Kwako nyumbani, mvua ikipiga wiki nzima, udongo huohuo unaua.

Miaka ya kutunza mimea hii hapa Pwani imenifundisha mambo mawili ambayo yanapaswa kujulikana kabla ya kutoa pesa. La kwanza ni kwamba kwetu adeniamu hufa kwa mizizi kukosa hewa, mara nyingi kuliko inavyokufa kwa kiu. La pili ni kwamba kila sehemu yake ina sumu ya moyo, na karibu kila kazi ya kuitunza inakugusisha utomvu: kukata, kuhamisha, kuondoa uozo. Ukipanga mambo haya mawili tangu siku ya kwanza, mmea huu unaweza kuishi nawe miongo.

Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliukuta Yemen, maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake, na jina Adenium linatokana na Aden, mji wa bandari wa Yemen. Wengi hudhani ni mmea wa Asia kwa sababu aina nyingi zenye maua ya tabaka mbili au tatu hutoka kwa wazalishaji wa Thailand na Taiwan. Asili yake ni huku: ukanda mkavu wa Afrika kuanzia Senegal hadi Pembe ya Afrika, Kenya na Tanzania, pamoja na Rasi ya Arabuni. Huko kwao mvua ni kidogo, mawe ni mengi, na maji hayasimami kwenye mizizi. Ndiyo maana shina limevimba, kwani ndani ya tumbo hilo ndimo mmea unamohifadhi maji ya miezi ya ukame.

Kabla ya kununua, amua mahali pa kuuweka. Unahitaji jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku au zaidi. Chini ya hapo matawi yanarefuka kwa kutafuta mwanga na maua yanakuwa haba. Unahitaji pia mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki na mbuzi hapiti. Mitaa yetu mingi, kuanzia Kigamboni mpaka Mbagala, ina mbuzi wanaojitafutia, na mbuzi hana habari kwamba majani yale mazito yanayong'aa yatamuua. Ukuta wa urefu wa kiuno au meza ya zege ni mahali pazuri kuliko kibarazani karibu na mlango.

Unapochagua, bonyeza tumbo kwa kidole gumba pande zote, hasa pale linapokutana na udongo. Linatakiwa kuwa gumu. Tikisa shina kidogo. Likicheza kwenye chungu, mizizi haipo au imeoza. Kama umeuziwa aina ya maua ya tabaka mbili, tafuta kovu la kuunganishia kwenye shina, pale tawi la aina hiyo lilipopandikizwa juu ya mmea wa msingi, kwa kawaida sentimita chache juu ya tumbo. Machipukizi yatakayotoka chini ya kovu hilo ni ya mmea wa msingi, na ukiyaacha yatanyonya nguvu yote na kukupa maua ya kawaida. Yang'oe yangali madogo. Bei hupanda kwa unene wa tumbo, na unene huo ni miaka; mche mdogo ni rahisi, ila jiandae kusubiri. Jiandae pia kwamba chungu, mchanga, mkaa na dawa ya ukungu kwa pamoja vinaweza kuzidi bei ya mche wenyewe. Wengi hupiga hesabu ya mche peke yake.

Udongo

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mmea unapookolewa au kupotezwa.

Chungu cha udongo wa kuchomwa chenye upana wa sm 30 na kina cha sm 15 hula karibu lita 10 za mchanganyiko. Kwa kopo la lita moja, pima makopo 4 ya mchanga mnene wa mto, 2 ya chenga za mkaa, 2 ya kokoto ndogo, na 2 ya mboji iliyooza kabisa. Usichukue mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na punje zake ni ndogo mno. Hata mchanga wa mto hauko tayari ulivyo. Upitishe kwanza kwenye chekeche la fundi kuondoa mawe makubwa, kisha kwenye wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu. Vumbi linalopita kwenye wavu ndilo linaloziba njia za hewa, kwa hiyo litupe. Unachotaka ni kinachobaki juu. Mkaa ni zile chenga za chini ya gunia, zipepete vumbi litoke na uzisuuze. Ukubwa wa mm 5 hadi 10 unatosha.

Mboji isizidi sehemu moja kati ya tano. Samadi mbichi usiitie kabisa: inachacha, inatoa joto, na inawalisha ukungu. Mchanganyiko ukishakuwa tayari, ujaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu, mimina lita moja ya maji. Yakisimama juu kwa zaidi ya sekunde kumi, ongeza kokoto na mkaa. Maji yanatakiwa yatokee chini karibu papo hapo.

Chungu kiwe na matundu, na kisikae kwenye sahani. Kiinue juu ya vipande vitatu vya tofali ili hewa ipite chini. Watu wengi huweka tabaka la mawe chini ya udongo mzito wakiamini maji yatashuka. Hayashuki, yanasimama kwenye udongo juu ya mawe, na mizizi inaloa vilevile. Mchanganyiko wote uwe mwepesi, kutoka juu hadi chini.

Mmea ukifika nyumbani, hasa kati ya Januari na Februari, usiusubirishe. Acha kuumwagilia siku 3 au 4 udongo ukauke, kisha vaa glavu za mpira na uutoe. Ondoa udongo wote wa zamani, osha mizizi kwa maji, ikague. Mzizi mzima ni mgumu na ndani una rangi ya maziwa; ulio laini, wa kahawia, unaobambuka ganda ukiuvuta, ukate mpaka sehemu safi. Paka mikato dawa ya ukungu ya unga yenye mankozebu, inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo ya Kariakoo na mitaani. Lalisha mmea kivulini penye hewa kwa siku 5 hadi 7. Ndiyo, ukiwa uchi, bila udongo wala maji. Anayefanya hivyo mara ya kwanza huona kama anaua mmea wake, na hofu hiyo huwafanya watu waukatize muda. Usiukatize. Mikato ikishafunga ngozi ndipo unapanda kwenye mchanganyiko mkavu, na maji ya kwanza unayatoa baada ya siku 5 hadi 7 nyingine.

Kumbuka upande uliokuwa unatazama jua na uurudishe vilevile. Na ukiinua tumbo juu zaidi ya lilivyokuwa, jambo linalofanywa kila mwaka au miaka miwili kwa sm 2 au 3 ili umbo lionekane, ngozi iliyokuwa chini ya udongo ni laini na jua la Dar litaiunguza. Izungushie kitambaa chepesi kwa wiki mbili.

Maji kwa majira

Hakuna ratiba moja ya mwaka mzima. Tumia kijiti cha mshikaki: kizamishe mpaka karibu na chini ya chungu, subiri dakika tano, kitoe. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kijiti hicho kipake rangi na kikae bustanini, kisirudi jikoni kamwe.

Kiangazi cha Januari na Februari, chungu cha sm 30 kilicho juani kinaweza kuhitaji maji kila baada ya siku 2 au 3. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unavuma na usiku kuna ubaridi kidogo, mmea unakunywa polepole; siku 7 hadi 10 si nyingi. Baadhi ya majani yatadondoka, na hilo ni kawaida yake.

Masika, yaani Machi hadi Mei, ndiyo mtihani. Kama chungu kina mchanganyiko niliouelezea, mvua ya siku moja na jua la kesho yake haina madhara. Mvua ya siku tatu mfululizo ina madhara. Kuuhamishia varandani kunauokoa na maji, ila wiki sita za giza zinaurefusha na kuulegeza. Kinachofaa zaidi ni kipande cha bati la plastiki linalopitisha mwanga, kimeegemezwa juu kwa mteremko, pande zote zikiwa wazi. Usiufunge mmea kwa mfuko wa nailoni. Unyevu wa ndani utafanya kazi ileile ya mvua. Mvua ikikukuta huna paa, inamisha chungu kwa kukiwekea tofali upande mmoja, maji ya juu yamwagike badala ya kuzama yote.

Jambo la maji ya kisima lisisahaulike. Maeneo mengi ya karibu na bahari yana visima vyenye chumvi, na chumvi hiyo inabaki kwenye chungu kila maji yanapokauka. Dalili ni ncha za majani kuungua na ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na mara moja kwa mwezi pitisha maji safi mara tatu ya ujazo wa chungu ili yasukume chumvi itoke.

Mbolea ni kidogo sana. NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha sm 30, kila wiki sita, wakati tu mmea unatoa majani mapya na udongo ukiwa tayari na unyevu. Urea iache, inajaza majani laini na maji, na tumbo linakuwa jepesi kuoza.

Tumbo likilainika

Ulaini una maana mbili. Udongo ukiwa mkavu na tumbo limenywea sawasawa pande zote, ni kiu, na baada ya kumwagilia litajaa ndani ya siku chache. Udongo ukiwa na maji na ulaini uko sehemu moja, hasa chini, ni uozo. Mizizi ikizamishwa inakosa oksijeni, inakufa, kisha ukungu wa jamii ya Pythium na Phytophthora unapanda kupitia humo. Kumwagilia dawa juu ya udongo uliolowa kunazidisha maji tu.

Utoe mmea siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Osha, kisha kata sehemu laini kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Futa kisu tena kila baada ya mkato, maana kisu kilichopita kwenye uozo kinaupeleka kwenye nyama safi. Endelea mpaka usione doa hata moja la kahawia. Ukibakisha doa la ukubwa wa punje ya mchele, umefanya kazi bure. Wakati mwingine nusu ya tumbo inakwenda. Inauma, hasa kwa mmea uliokua nao miaka, lakini nusu iliyo safi itaota mizizi mipya na uliohurumiwa utakufa wote. Paka mankozebu, ning'iniza kivulini kwa siku 7 hadi 14 kulingana na ukubwa wa jeraha, kisha panda kama nilivyoeleza. Uozo ukishafika juu ya tumbo na kuingia kwenye matawi yote, kata ncha za matawi zilizo safi, sm 15 hadi 20, zikaushe siku 5, uzipande. Zitaishi, ingawa mmea wa kipande cha tawi haufanyi tumbo zuri kama wa mbegu.

Kukata matawi na kushika utomvu

Wakati mzuri wa kupogoa hapa ni mwisho wa Agosti hadi Septemba. Hewa bado ni kavu kiasi cha kufunga vidonda, joto linapanda, na machipukizi yanakua na mvua za vuli. Maua hutokea kwenye ncha mpya, kwa hiyo tawi moja lililokatwa likitoa machipukizi matatu, umepata sehemu tatu za kuchanua kufikia mwisho wa mwaka. Kata kwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje, paka unga wa dawa, na usiache mvua iguse vidonda kwa wiki moja.

Utomvu unaotoka hapo una kadenolaidi, kemikali za kundi moja na digoksini, dawa ya moyo ambayo madaktari huipima kwa uangalifu mkubwa. Zinazuia pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli, na moyo unapoteza mpangilio wa mapigo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wa adeniamu mpaka uwe mzito na kuupaka kwenye mishale ya kuwindia. Hiyo ikuonyeshe kwamba kuchemsha hakuiondoi sumu, na kukausha pia hakuiondoi.

Kwa hiyo vaa glavu na miwani. Kata tawi likiwa chini ya usawa wa uso wako, lisiwe juu yake. Usile, usivute sigara, usiguse macho mpaka unawe kwa sabuni. Kisu cha bustani kisimenye embe. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali. Matawi yaliyokatwa yafunge kwenye mfuko na uyatupe na taka zinazochukuliwa na gari. Usiyatupe uwanjani, usiyachome, na usiyatumie kama kuni au vijiti vya kuchomea nyama.

Mtu akitafuna au kumeza sehemu yoyote, mtoe kilichomo mdomoni, asukutue, na aende hospitali mara moja akiwa na tawi au picha ya mmea. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa wala mafuta ukadhani umemaliza; imani hiyo ya maziwa inachelewesha watu. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuharisha, kizunguzungu na mapigo ya moyo kupungua au kuruka, na zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtoto anayecheza vizuri dakika kumi baada ya kutafuna jani hajavuka hatari. Mwambie daktari wazi kwamba ni mmea wenye sumu ya moyo, ili apime umeme wa moyo na potasiamu kwenye damu mapema.

Wadudu

Sumu hiyo haiwazuii wote. Vidukari vya manjano vyenye miguu myeusi hujazana kwenye ncha changa. Maji ya sabuni yanatosha kuviondoa. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, hujificha kwenye makwapa ya majani na pia kwenye mizizi. Tumia mafuta ya mwarobaini, ml 5 kwa lita moja ya maji na matone machache ya sabuni ya maji, jioni jua likishazama, kila siku 7 kwa mara tatu. Kiangazi huleta utitiri mwekundu, na majani hupauka kwa vitone vidogo. Nyunyizia upande wa chini wa jani.

Ukiamka ukakuta matawi yamebaki matupu, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho karibu na kichwa. Ni wa nondo Daphnis nerii, anakula adeniamu bila kudhurika. Mchana hujificha chini ya matawi au kwenye ukingo wa chungu. Fuata mavi yake, ni makubwa na yanaonekana wazi chini ya tawi alipo. Mtoe kwa mkono wenye glavu, dawa haihitajiki.

Mbegu

Kwa anayetaka tumbo la kweli, mbegu ndiyo njia. Ua lisiposaidiwa huzaa kwa nadra, kwa kuwa chavua imefungwa ndani ya koni katikati ya ua. Wengine hupasua ubavu wa ua na kuihamisha kwa brashi nyembamba. Likishika, hutoka maganda mawili kama pembe, yanayokomaa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka. Mbegu zina manyoya pande zote mbili, na upepo ukizikuta wazi hazirudi.

Mbegu mbichi huota vizuri zaidi kuliko zilizokaa miezi kabatini. Zipande Septemba, ili miche iwe na miezi sita ya kukomaa kabla ya masika. Ziloweke saa 2 hadi 4, zilaze kwenye trei ya mchanganyiko uleule uliopepetwa zaidi, zifunike kwa mm 3 hadi 5, ziwe kwenye kivuli chepesi. Nyingi hutokeza kati ya siku 3 na 10. Zikipata majani manne ya kweli, zianze kuona jua la asubuhi, ukiongeza saa moja kila siku mbili. Maua ya kwanza huja kati ya miezi 8 na 18, na hayafanani lazima na ya mama. Ukigawa miche kwa majirani, mpe kila mmoja na maelezo ya utomvu kabla hajaubeba, na umuulize kama nyumbani kwake kuna mtoto mdogo au mifugo.